Chombo Kikiwa Jahabuni

Baharini maji hukibeba chombo kizima, pasilemewe mahali. Kipandishe pwani, na uzito wote unaangukia mkuku na gadi chache, miti ya kukiegemeza ubavuni. Ndiyo maana fundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hana haraka ya kusimamisha gadi. Kwanza huupiga ubao konzi, akisikiliza mlio mzito wa mahali penye taruma, mbavu za chombo, kwa ndani. Gadi ikikaa hapo, jahazi litastahimili kusi nzima. Ikikaa kwenye ubao mtupu, kati ya taruma na taruma, ubao utabonyea taratibu na hakuna atakayejua mpaka siku ya kushua.

Siku ya kupandisha huamuliwa na mwezi. Bamvua, maji makuu, zilizo kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Za Juni na Julai, kusi ikiwa kali, huwa ndogo. Anayekiwahisha chombo kwa maji ya Machi hukifikisha juu kabisa, bahari iliyochafuka isikiguse, na Septemba maji yaleyale huja kukichukua. Mimi sijaona kalenda nadhifu kuliko hiyo.

Kwenye nchi za baridi, mwenye mashua huogopa maji yaliyosahaulika ndani ya injini yasigande yakaipasua. Huku adui ni jua. Mbao hukauka, husinyaa, na maungio hufunguka. Basi ubavu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake hukufikia kabla hujaliona jahazi. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu kuwazuia wadudu watoboao mbao. Juu huezekwa makuti. Nguruzi, kizibo cha chini, huchomolewa, kwa kuwa maji ya mvua yakituama ndani huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi.

Ila fundi utamjua kwenye kalafati. Maungio yaliyoachama yanamtamanisha mwanagenzi kushindilia pamba hadi isiingie tena. Mzoefu hutia kiasi na kuachia nafasi, kwani mbao zikirudi majini zitavimba, na pamba iliyoshindiliwa itazisukuma hadi misumari ilegee. Kwa hiyo siku ya kwanza jahazi lake huvuja, naye yuko pembeni anakunywa kahawa, vijana wakifua ngama na kulalamika.