Haijaandikwa, Mwalimu

Kipindi cha marudio hakina wa kukisifu. Mgeni akitarajiwa shuleni, mwalimu huandaa mada mpya, abandike chati za rangi na kuanza kwa wimbo. Hakuna anayemwalika afisa wa elimu aje kuwatazama watoto wa Gredi ya Nne wakirudia kifungu cha ufahamu walichokisoma juma lililopita wakakikosa. Ratiba nayo hukisukuma hadi Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo jua la Makindu, mji wa Ukambani, limeshayapasha mabati mpaka yanaalika juu ya vichwa vya watoto. Hata hivyo, nikitaka kumjua mwalimu wa lugha, kipindi hicho ndicho ningeomba kukaa nyuma ya darasa nikitazame. Katika somo jipya kitabu humbeba. Katika marudio amebaki na kosa la mtoto tu, na kosa hilo halimo katika mwongozo wa mwalimu.

Kuna mwalimu mmoja wa huko ambaye kazi yake nimeitazama kwa karibu. Huwa haendi na kitabu kwenye kipindi hicho. Huandika kifungu chake ubaoni kwa mkono, mistari michache, na siku moja kilikuwa hivi: Lori lilisimama kando ya barabara kuu. Dereva alishuka, akainama kutazama chini ya tela, akatikisa kichwa. Akamwita utingo. Utingo alileta jeki na jiwe kubwa. Jua lilikuwa linazama, na harufu ya chai ilikuwa inatoka upande wa hekalu.

Hapo Makindu kifungu hicho hakihitaji kuelezwa. Barabara ya Mombasa inapita katikati ya mji, na hekalu ni la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926 kwa ajili ya jamii iliyokuja na ujenzi wa reli. Mpaka leo msafiri yeyote huingia akala bila kutoa senti. Mtoto aliyekulia hapo hana haja ya picha ya lori wala ya harufu ya chai.

Swali la kwanza liliuliza lori lilisimama wapi, na mikono yote ikawa juu. La pili liliuliza: Lori lilikuwa na tatizo gani? Mikono ikashuka. Vidole vikaanza kupita kwenye mistari ya daftari, vikitafuta neno “tatizo” ili kinachofuata kinakiliwe kama kilivyo. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyojibu ufahamu: wanalichukua neno moja la swali, wanalitafuta katika kifungu, wanainua sentensi nzima na kuishusha kwenye daftari. Mara nyingi hupata alama. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupita miaka mingi akipata vema kwenye vifungu ambavyo hakuvielewa.

“Mwalimu, haijaandikwa,” msichana mmoja akasema.

Mwalimu wa haraka angesema “pancha”, darasa zima lingeandika “pancha”, na kipindi kingesonga. Huyu alinyamaza. Alinyamaza mpaka mimi niliyekaa nyuma nikaona haya kwa niaba yake. Halafu akauliza jeki ni ya nini. Ya kuinua gari. Na jiwe? Hapo wakabishana kidogo, kwa sababu mmoja alidhani ni la kugongea, mpaka wa dirishani akasema ni la kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Mvulana mwingine akaruka: “Pancha!”

“Nani amekwambia?”

“Jeki.”

“Njoo unionyeshe.”

Akaenda ubaoni, akaweka kidole juu ya neno. Kwangu mimi ufundi wote umo katika hilo “njoo unionyeshe”. Jibu lilikuwa sahihi, lakini mwalimu hakulipokea mpaka aone limetoka wapi. Fundi wa pancha mwenyewe habandiki kiraka kabla hajautumbukiza mpira ndani ya karai la maji na kuona mapovu yanatokea wapi.

Kisha likaja jambo ambalo halikupangwa. Yule msichana wa kwanza akasema huenda ni springi imevunjika, kwa sababu dereva alitazama chini ya tela, hakutazama gurudumu. Darasa likacheka. Mwalimu akarudi kusoma mstari ule polepole, akakiri kwamba kifungu hakimkatalii. Jeki huinua gari lenye springi mbovu pia. Majibu yakawa mawili, na yote mawili yana ushahidi. Badala ya kuamua, akawaambia watoto waongeze sentensi moja itakayomaliza ubishi. Wakakubaliana kuandika: Gurudumu la nyuma lilikuwa halina upepo.

Nilipenda kwamba msichana yule hakuambiwa amekosea. Alisoma vizuri kuliko mwandishi wa kifungu alivyoandika, na mwandishi alikuwa amesimama mbele yake na chaki mkononi.

Sentensi ile ya watoto ndiyo iliyowaingiza kwenye sarufi, bila kutangaziwa kwamba sasa ni sarufi. “Iwekeni katika wingi.” Jibu la kwanza likawa: Gurudumu za nyuma zilikuwa hazina upepo. Kosa hilo lina wenyewe. Stejini gari zimefika, viti zimejaa, miti zimekatwa. Katika Kiswahili cha barabarani cha bara, zi- imeimeza karibu kila ngeli. Mimi sina ugomvi na lugha ya stejini, maana inafikisha watu nyumbani. Lakini mtoto anastahili kuwa na ya pili, na hawezi kuipata kwa kukariri jedwali la A-WA, KI-VI, LI-YA kama shairi. Nimewasikia wanaolikariri lote bila kukwama, halafu wakatoka nje wakasema “matunda zimeiva”.

Mwalimu akawauliza nyumbani, kwa Kikamba, wanasemaje “watu wote”. Andũ onthe. “Miti yote”? Mĩtĩ yonthe. “Vitu vyote”? Syĩndũ syonthe. Aliandika jozi hizo ubavuni mwa ubao, akaacha watoto wazitazame. Hakuna aliyesema syĩndũ onthe, na alipolijaribu yeye mwenyewe kwa makusudi, darasa lilimcheka kama lilivyomcheka mwenye springi. Watoto hao wamekuwa wakipatanisha nomino na vivumishi tangu walipoanza kusema. Upatanisho wa kisarufi, jina hilo lenye kutisha, wamekuja nao kutoka nyumbani. Baada ya hapo “magurudumu ya nyuma yalikuwa hayana upepo” ilitoka midomoni mwao kwa kicheko, na aliyeteleza alisahihishwa na jirani yake kabla mwalimu hajageuka.

Ujirani wa Kiswahili na Kikamba vitabuni ni wa zamani. Mwaka 1850 mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amefika Ukambani mwaka mmoja kabla, alichapisha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo akatoa msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki uliopanga Kiswahili na Kikamba ukurasa mmoja. Cha kushangaza ni kwamba mtoto wa Makindu anaweza kumaliza shule ya msingi bila mtu kumwonyesha walichokiona wageni wa karne ya 19. Sera inasema lugha ya eneo itumike mpaka Gredi ya Tatu. Kuanzia ya Nne inaachwa mlangoni, na walimu wengi huona aibu kuiita irudi hata kwa dakika tano. Kizazi changu kilivalishwa diski ya adhabu shingoni kwa kuisema shuleni.

Kwamba watoto wetu husoma bila kuelewa si siri. Watafiti wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini Kenya mwaka 2009, wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, waliwakuta wengi wa madarasa ya juu wakikwama. Mpango wa Tusome ulienezwa kuanzia 2015 kwa madarasa ya mwanzo, ukaleta vitabu mpaka mikononi mwa kila mtoto, jambo ambalo nitalishukuru daima. Ila kitabu hakiwezi kunyamaza hadi mtoto afikirie. Mtihani nao haukutusaidia. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, maswali ya 31 hadi 50 ya Kiswahili yalitoka kwenye vifungu vya ufahamu, kila moja na majibu manne ya kuchagua. Tuliwafundisha watoto kuwinda jibu kabla ya kusoma kifungu, na tuliwasifu walipolipata.

Nimepitia madaftari aliyosahihisha mwalimu yule. Alama za mkasi ni chache sana. Pale jibu lilipokosewa, pembeni kuna namba ndogo kwa kalamu nyekundu: 3, au 5. Ni namba ya mstari. Mtoto anaurudia mstari huo, anajibu upya chini yake, na daftari linakwenda mezani mara ya pili. Hesabu ya kazi hiyo kwa darasa lililojaa anaijua yeye na taa yake. Wazazi wengine hulalamika kwamba daftari halionyeshi mtoto amepata ngapi juu ya kumi, na mwalimu mkuu naye huhitaji alama za kujaza fomu, kwa hiyo mwisho wa juma huketi akazigeuza zile namba kuwa alama. Fomu hujaa. Jumatatu, kabla ya somo jipya, wale ambao mstari wa tano bado umewashinda huitwa mbele mmoja mmoja, wakiwa na kidole tayari.