Mzizi Unavyolidai Jiwe la Nyiragongo

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia Ziwa Kivu. Mawe yake meusi yana silika karibu asilimia 40 tu, ndiyo maana yanamomonyoka upesi kuliko mawe mengi, na yamejaa potasiamu. Nitrojeni ndiyo hayana. Wa kwanza kuileta ni Stereocaulon, ukoga wa kijivu unaotanda juu ya lava changa: kuvu na mwani vinavyoishi mwili mmoja, pamoja na bakteria wanaoikamata nitrojeni ya hewani.

Potasiamu kuwemo ndani ya jiwe ni jambo moja, kuingia kwenye jani la lengalenga ni jingine. Mmea haumezi udongo. Hupokea ayoni zilizoyeyuka majini, na hata hizo huzigharamia. Seli za mzizi hutumia nguvu itokanayo na sukari ya majani kusukuma nje ayoni za haidrojeni. Kazi hiyo huzaa faida mbili kwa pamoja. Nje, tindikali huila punje ya jiwe na kuing'oa potasiamu iliyoshikwa na udongo. Ndani, seli hubaki na chaji hasi, na potasiamu, yenye chaji chanya, huvutwa kupitia milango yake maalumu. Nitrati haipati shida kuufikia mzizi, kwani husafiri na maji ambayo jua huyavuta kupitia majani.

Fosforasi ndiyo ngumu, na hapa sikubaliani na wanaosema udongo wa volkano hauhitaji mbolea. Majivu ya volkano yakishaoza huacha madini yenye aluminiamu yanayoing'ang'ania fosforasi kwa nguvu. Kidogo kinachoachiwa hutembea polepole mno, hivyo mzizi hulazimika kukifuata wenyewe: huota vinyweleo, hukaribisha kuvu ambao nyuzi zao hufika mbali zaidi, na maharagi huongeza asidi zinazoilegeza.

Ndiyo maana mkulima wa Rutshuru au Masisi anayetia samadi iliyooza ndani ya shimo la mbegu, badala ya kuitawanya juu, anafanya kazi ya maana. Samadi huleta fosforasi yake, na asidi zake hukalia nafasi ambazo udongo ungeinasia. Maharagi yakikosa fosforasi, vinundu vya mizizi yake hudumaa, na nitrojeni ya hewani haikamatwi vya kutosha.