Kulisubiri Chujio Lishindwe

Kuna vijiji mkoani Singida ambako meno ya mtu hukusimulia kisima alichonywea utotoni. Ni michirizi ya kahawia na madoa ambayo mswaki hauyaondoi, kwa sababu yaliingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Chanzo chake ni floraidi, inayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia katika maji ya chini ya ardhi. Maji yenyewe ni maangavu, hayanuki, wala ulimi hauhisi kitu. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki kwenye sufuria.

Dawa ni kuyapitisha kwenye kitu kinachoishika floraidi. Vitu vya namna hiyo vimegunduliwa vingi, na wagunduzi wake wamesifiwa vya kutosha. Mimi leo namsifu anayevijaribu.

Kwa Tanzania, kazi hii ina makao yake Ngurdoto, mkoani Arusha, katika kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Hapo zilijaribiwa ndoo mbili zinazotumia shabu na chokaa, njia iliyotoka Nalgonda, India. Hapo pia hutengenezwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kwangu huo ndio ufundi wenyewe. Mfupa huchomwa kwenye tanuri hewa ikiwa imebanwa, moto ukiwa karibu nyuzi 500, kisha husagwa na kuchekechwa. Fundi husoma rangi. Mkaa ukitoka mweusi, haujaiva: maji yake yatakuwa ya manjano na yatanuka. Ukitoka mweupe, moto ulizidi, vinyweleo vya mfupa vimefunga, na uwezo wa kushika floraidi umepungua. Anachokitafuta ni kijivu. Na tabia ile ile inayolifanya jino la mtoto kunasa floraidi ndiyo inayomfaa fundi hapa, kwa kuwa jino na mfupa ni madini ya jamii moja. Mfupa wa ng'ombe unatangulia kunasa kile ambacho kingenaswa na mfupa wa binadamu.

Sasa ndipo subira inapoanza. Chujio lolote hufanya vizuri siku ya kwanza. Mjaribu mzuri huushindilia mkaa wake kwenye bomba lililosimama wima, hufungulia maji yatiririke polepole, na hukinga sampuli asubuhi, mchana na jioni, siku baada ya siku. Kwa muda mrefu namba haisogei. Mtu asiye na moyo wa kazi angefunga daftari hapo na kuandika kwamba chujio linafaa. Yeye anasubiri lishindwe, kwa sababu anataka kujua ni baada ya ndoo ngapi floraidi itaanza kuvuja hadi kuvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ambacho sasa ni chetu pia. Hiyo idadi ya ndoo ndiyo itakayomwambia mama nyumbani lini abadilishe mkaa.

Kiwango hicho tumekifikia kwa safari ndefu. Mwaka 1974 viwango vya muda vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa maeneo mengine hayakuwa na maji mbadala. Siwalaumu waliokubali, ila kila chujio linalojaribiwa kwa uaminifu linatusogeza mbali na siku zile.

Uaminifu huo unaonekana hata kwenye kupima. Elektrodi ya floraidi husoma milivolti, na kila asubuhi hulinganishwa kwanza na maji ambayo kiasi chake cha floraidi kinajulikana. Kisha kila sampuli huchanganywa na dawa ya kuituliza. Anayeiruka hatua hii baada ya kutumia shabu anajidanganya: floraidi hujifunga na alumini iliyobaki majini, elektrodi haiioni, na chujio linapewa sifa lisiyoistahili.

Jambo jingine ni maji ya kujaribia. Ukiyeyusha floraidi kwenye maji safi ya maabara, karibu kila kitu kitaonekana hodari. Maji ya kisima huja na magadi yake na chumvi zake, navyo vinagombea nafasi ndani ya mkaa. Wanaopambana na aseniki, sumu nyingine ya maji ya visima, kule Bangladesh wanalijua vizuri hili. Vichujio vyao hutegemea chuma chenye kutu, na fosfati iliyomo majini huwahi nafasi ambayo aseniki ingeikalia. Zaidi ya hapo, aseniki ina sura mbili, na moja yake huponyoka hadi kwanza igeuzwe kuwa ile nyingine. Aliyejaribu kwa sura moja tu amejaribu nusu.

Na lipo swali ambalo elektrodi haiwezi kulijibu: mifupa hii imetoka kwa mnyama gani, na alichinjwaje? Singida ina Waislamu na Wakristo wanaochota kisima kimoja. Mjaribu mwenye busara huliuliza mapema, kwa sababu chujio lisilonywewa maji yake halijasafisha kitu.

Basi, ndugu msomaji wa Manyoni, Iramba, Ikungi au Mkalama, siku utakapoletewa chujio lenye sifa nyingi, usiulize bei kwanza. Muulize muuzaji lilijaribiwa kwa maji ya kisima kipi, na lilishindwa baada ya ndoo ngapi. Kama hana jibu la swali la pili, mwambie arudi nalo maabara.