Picha ya Siasa Huanza Kusomwa kwenye Mwanga

Ukitaka kujua kama picha ya siasa ni nzuri kweli au imebebwa tu na ukubwa wa tukio, usianze na uso wa mtu wa katikati. Uso utakuvuta hata ukiwa umepigwa ovyo. Tafuta kwanza mwanga umetoka wapi, na nani aliyeuleta.

Chukua “Straight Voice” ya Yasuyoshi Chiba, Mjapani aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la AFP kutoka Nairobi. Aliipiga Khartoum tarehe 19 Juni 2019, na mwaka uliofuata ikatangazwa picha bora ya mwaka ya shindano la World Press Photo. Ni usiku na mtaa mzima hauna umeme. Kijana mmoja amesimama katikati ya wenzake, mkono kifuani, mdomo wazi, anaghani shairi la maandamano. Waliomzunguka wanapiga makofi na kuitikia kwa kudai utawala wa kiraia, na wengine wameinua simu kummulika. Nyuma yao ni giza.

Kila anayeipenda picha hii husema kwamba mwanga gizani ni ishara ya matumaini. Ni kweli, lakini ishara hiyo imetumika mno, na peke yake isingetosha kumpa mtu tuzo. Nguvu ya picha hii iko katika chanzo cha mwanga wenyewe. Omar al-Bashir, rais wa Sudan, aliondolewa madarakani tarehe 11 Aprili 2019, lakini majenerali wakabaki. Tarehe 3 Juni waandamanaji waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi walivamiwa, na kwa hesabu ya madaktari waliokuwa upande wa waandamanaji, zaidi ya watu 100 waliuawa. Kisha watawala wakazima intaneti. Kwa hiyo zile simu unazoziona zimeinuliwa haziwezi kurusha picha wala ujumbe mtandaoni. Zimebaki tochi, na wenyewe wamezigeuza taa za jukwaa. Ishara haikubandikwa juu ya tukio. Imo ndani ya tukio, na ndiyo iliyoiwezesha kamera kuona chochote. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: ukiiondoa ishara, picha yenyewe isiwezekane.

Sasa angalia Chiba amefanya nini na mwanga huo. Angewasha flashi, kila uso ungepata weupe uleule, vivuli vingekufa, na zile simu zingekuwa vidude tu mikononi mwa watu. Amekubali mwanga hafifu alioukuta. Uso na shati la kijana vimeng’aa, walio karibu naye wanaonekana nusunusu, wa mbali wamemezwa na giza. Mwanga wenyewe umepanga nani aonwe kwanza na nani afuate, na jicho linatii bila kulazimishwa. Mpigapicha amesimama karibu, ndani ya duara la waitikiaji. Picha ileile ikipigwa kutoka ghorofani ingekuwa taarifa ya mkusanyiko, si zaidi.

Baada ya mwanga, tazama mikono. Katika picha za siasa mkono husema mengi kuliko uso, kwa sababu mwanasiasa na muasi wote wamejifunza kuupanga uso. Huyu kijana hakuinua ngumi. Kiganja kiko kifuani, kama mtu anayeapa, na ghadhabu yote imebaki mdomoni.

Linganisha na picha iliyoshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2017, ya Burhan Özbilici. Ankara, Desemba 2016, ukumbi wa maonyesho ya sanaa: mwuaji wa balozi wa Urusi Andrei Karlov amesimama kando ya maiti, bastola mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili juu. Kwa umbo haina dosari: ukuta mweupe, suti nyeusi, mkono uliochora mstari kuelekea juu. Özbilici alionyesha ushujaa wa ajabu kubaki pale na kuendelea kupiga. Lakini pozi lile lilitungwa na mwuaji. Stuart Franklin, mwenyekiti wa majaji mwaka ule, alisema hadharani kwamba aliipinga isiwe picha ya mwaka, kwa hofu ya kulikuza tendo alilotaka mwuaji likuzwe. Niko upande wake. Uzuri wa fremu unapokuwa kazi ya mtenda jinai, mhakiki ana haki ya kuusifu weledi wa mpigapicha na bado kuinyima picha taji.

“Straight Voice” nayo ina upungufu wake. Inamkweza mtu mmoja, ilhali mapinduzi ya Sudan yalibebwa na halaiki, na wanawake, waliokuwa mstari wa mbele, hawana nafasi kubwa ndani yake. Ndiyo maana napenda kuiweka pamoja na picha ya Lana Haroun ya Aprili 2019, inayomwonyesha mwandamanaji wa kike, Alaa Salah, amesimama juu ya gari kwa thobi nyeupe na hereni za dhahabu, mkono juu, umati ukimrekodi. Haroun aliipiga kwa simu. Mwalimu wa upigaji picha anaweza kuikosoa kwa mengi, lakini zile simu za umati zinaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakijiandikia historia wenyewe kabla intaneti haijazimwa.

Maelezo ya picha yasome mwisho. Yafunike kwa mkono, tazama mpaka uweze kusema nani anamsikiliza nani na nani anammulika nani, halafu ufunue. Maelezo yakikuongezea jina la mji, tarehe na sababu ya giza, picha imefanya kazi yake. Yakilazimika kukueleza uhisi nini, ipishe picha hiyo, utafute nyingine.