Mavuno ya Ukungu

Breki huzimwa kwanza. Mtaalamu wa maabara aliyeiva hasahau hilo, maana mashine ya kuzungusha damu ikisimama ghafla, tabaka zote huvurugika na kazi ya asubuhi nzima ikawa bure.

Hapo tayari ameshainamisha mrija na kuiteremsha damu, iliyozimuliwa kwa maji ya chumvi, ukutani mwake taratibu mpaka ielee juu ya kimiminika kizito kiitwacho Ficoll. Akiwa na pupa, damu itatoboa na kuzama. Baada ya nusu saa ya kuzunguka, chembe nyekundu ziko chini, plazma ya manjano iko juu, na kati yake imejitokeza pete ya ukungu, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Humo ndimo zilimo seli za kinga anazozitafuta. Anaivuta kwa pipeti, ncha ikizunguka pembezoni, kama mpishi anayeengua povu la mchuzi. Kisha anaosha, anahesabu kwa hadubini. Seli iliyokufa hunywa rangi ya buluu. Iliyo hai huikataa.

Kazi hii ilinivuta kwa sababu ya mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wa mtaa huo waliofanya biashara ya ngono. Frank Plummer alikuwamo. Alikuwamo pia muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye wanawake hao walimwamini, na bila imani hiyo hakuna mkono ambao ungenyooshwa kutolewa damu. Wachache kati yao walikutana na VVU mwaka hadi mwaka bila kuambukizwa.

Huko Ulaya wapo watu waliopungukiwa herufi 32 kwenye nakala zote mbili za jeni ya CCR5, na kwao mlango wa virusi umefungwa. Majengo siri haikuwa hiyo. Macho yakageukia HLA, protini zinazobeba vipande vya virusi hadi juu ya seli, mithili ya muuzaji anayeonyesha bidhaa kwenye sinia, ili askari wa kinga wavitambue. Jeni zake, kwenye kromosomu ya 6, hutofautiana mno baina ya watu: kipande kinachokaa vyema kwenye sinia langu huenda kikateleza kwenye la ndugu yangu wa tumbo moja. Baadhi ya aina za HLA zilionekana zaidi kwa wanawake waliosalimika.

Ili kujua kama askari hao wanavitambua virusi, seli hulazwa usiku kucha pamoja na vipande vya virusi. Kila inayoitika huacha kitone. Seli mfu haiachi kitu. Ndiyo maana seli za kuhifadhiwa hugandishwa polepole, nyuzi moja kwa dakika, kabla ya kuwekwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ila huyeyushwa upesi, kwenye maji yenye joto la mwili.

Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba baadhi ya wanawake hao waliosalimika kwa muda mrefu walikuwa wameambukizwa, hasa waliokuwa wamepunguza au kusimamisha biashara kwa muda. Jeni zao hazikuwa zimebadilika. Seli zao zilikuwa zikivitambua virusi hapo awali, na hilo lilijulikana kwa kuwa mtu alishaiteremsha damu yao, taratibu, ukutani mwa mrija.