Kazi ya Kamba na Vidole

Pale Rusumo, wilayani Ngara, madereva wa malori yaendayo Rwanda huvuka daraja wakiwa na haraka zao, na Mto Kagera unapita chini yao ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Juu kidogo ya hapo Mto Ruvubu umeshajiunga nao, ukiwa umebeba udongo wa milima ya Burundi. Mzamiaji anayeingia maji haya kumtafuta aliyezama, na mtungi wa hewa mgongoni, hafuati matumbawe kama wageni wa kisiwa cha Mnemba. Akishuka meta chache tu, saa iliyo mkononi mwake haioni tena.

Ufundi wake uko kwenye vidole, na kwenye kamba.

Ncha moja ya kamba hufungwa kwake, nyingine hushikwa na mwenzake aliye ukingoni. Maana ya kila mvuto hukubaliwa nchi kavu: endelea, simama, rudi, nimekwama. Kisha mzamiaji hushuka hadi chini, huikaza kamba na kwenda nusu duara huku akipapasa. Jiwe. Mzizi. Tope linalomeza mkono hadi kiwiko. Tawi lililozama, ambalo mkondo unaweza kumbana nalo asitoke. Ndiyo maana kisu chake hukaa mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Akifika mwisho, anaongezewa kamba kidogo na kurudi alikotoka, asiache hata shubiri moja haijaguswa. Mshika kamba naye haongei na mtu. Kwa haki kabisa, nusu ya sifa ni yake.

Mto wa bara una hesabu zake pia. Mtu haelei kwenye maji baridi kama kwenye maji ya chumvi, hivyo aliyejifunzia Zanzibar hupunguza vipande vya risasi kwenye mkanda wake. Kagera hapa iko karibu meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Baharini kanieneo huongezeka maradufu kwenye kina cha meta 10. Hapa huongezeka hivyo hata kabla ya meta 9. Majedwali ya kuzamia ya pwani hayafai mpaka yarekebishwe. Tena, akishatoka majini hapaswi kupanda gari papo hapo kuelekea vilima vya Ngara mjini, kwa sababu hewa huzidi kupungua na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu kwenye damu.

Na kuna siku hazamii kabisa. Penye mamba na viboko haingii kwa ujasiri mtupu, iwe Kagera au Ziwa Burigi upande wa Biharamulo. Karibu na mdomo unaovuta maji kwenda kwenye mitambo ya umeme, haingii mpaka mashine izimwe na kufungwa. Kukataa huko ni sehemu ya umahiri, wala si woga.

Mwaka 1994 watu wa Rusumo waliona miili ya waliouawa Rwanda ikichukuliwa na mto huu kuelekea Ziwa Victoria, bila jina wala kaburi. Mahali penye kumbukumbu hiyo, anayepapasa gizani ili familia impate mtu wake na kumzika anafanya kazi ya heshima kubwa. Wakati mwingine anakuta uhai: kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika ziwa hilo, Septemba 20, 2018, wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo Alphonce Charahani akiwa hai siku mbili baadaye.

Wilaya zenye mito kama hii zinastahili wazamiaji wao wa karibu, wenye vifaa na mazoezi ya mara kwa mara, kwani safari kutoka mbali hula saa ambazo aliyezama hana. Msomaji uliye kando ya maji, usiruke kumfuata anayezama kama hujafunzwa. Mrushie kamba, dumu au tawi. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.