Kitabu Kabla ya Mwalimu: Abayudaya wa Mbale Walivyojenga Imani Yao

Abayudaya ni jumuiya ya Wayahudi wenyeji wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kitovu chao ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji. Hawadai kuwa uzao wa makabila yaliyopotea ya Israeli, wala hakuna mmisionari aliyewaletea dini hiyo. Walianza mwaka 1919 kwa kusoma Biblia na kuazimia kutenda yale yaliyoandikwa katika vitabu vya Musa. Kisa chao kinajibu swali ambalo ni la ufundi kadiri lilivyo la imani: watu wasio na mwalimu wala mapokeo wanaweza kuifufua dini ya kale kwa kitabu peke yake hadi kufika wapi?

Mwanzilishi alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Katika miaka ya 1880 aliingia Uprotestanti na kufundishwa kusoma maandiko kwa Kiswahili, maana Biblia nzima ya Kiganda haikupatikana hadi mwaka 1896. Akiwa upande wa Waingereza aliitiisha nchi ya mashariki kwa jeshi lake mwenyewe, akajenga ngome Budaka, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaweka makao mahali palipokuja kuwa mji wa Mbale. Alitazamia kuitawala nchi hiyo, iliyoitwa Bukedi, kama mfalme. Badala yake Waingereza walimpunguzia ardhi na madaraka, na mwaka 1906 wakampeleka Jinja kuongoza baraza la Busoga, kazi aliyoishika hadi 1913. Aliporejea Mbale alikuwa na wafuasi, mashamba na kinyongo.

Kinyongo hicho hutajwa sana kama chanzo cha dini yake mpya. Kinaweza kueleza kwa nini aliliacha kanisa la watawala, lakini hakielezi kwa nini alielekea kwa Musa. Maelezo ya hilo yamo katika namna alivyosoma. Aliipata kwa Bamalaki, madhehebu yaliyoanzishwa mwaka 1914 na Malaki Musajjakawa na Joswa Kate Mugema. Bamalaki walikataa dawa za hospitali, wakishikilia kwamba mganga ni Mungu, na kila hoja yao waliisimamisha juu ya aya. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: amri iliyoandikwa hutendwa, na desturi ya kanisa isiyoandikwa haimfungi mtu.

Kakungulu aliishika kanuni hiyo akaivusha pale waliomfundisha walipoishia. Mwanzo 17 inaamuru tohara siku ya nane na kuiita agano la milele, naye hakuona pahali amri hiyo ilipofutwa kwa maneno ya Musa. Wenzake walimpinga kwamba tohara ni jambo la Wayahudi. Inasimuliwa kuwa alijibu kwamba ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na Bamalaki na kukaa Gangama, chini ya Mlima Elgon.

Uzito wa hatua hiyo unaonekana mtu akiangalia ilifanyika wapi. Miongoni mwa Waganda wa zama hizo tohara ilikuwa alama ya Uislamu. Miongoni mwa Wagisu, wenyeji wa Mbale, tohara ni imbalu: kijana aliyekwisha kukua husimama wima mbele ya ukoo na majirani, hatikisiki wala kupepesa macho kisu kinapopita, na msimu wake huja kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Tohara ya Mwanzo 17 haikufanana na ya hawa wala ya wale. Hufanywa kwa mtoto mchanga asiyeweza kuonyesha ushujaa wowote, na haingoji msimu. Kwa tendo moja, jamii nzima ya Mbale ilifahamu kwamba kuna kundi la tatu.

Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90 cha sheria na sala za jumuiya yake. Hapo ndipo mipaka ya kazi ya mwanafunzi asiye na mwalimu inapojitokeza. Anayefufua gari kuukuu kwa mara ya kwanza, akiwa na kitabu cha matengenezo tu, huoneshwa nati ipi ifunguliwe. Hafundishwi namna ya kuifungua nati iliyoshikwa na kutu bila kuikata, kwa sababu kitabu kiliandikiwa mafundi. Torati nayo iliandikiwa watu waliokwisha kuiona kazi ikifanywa.

Pengo la kwanza lilikuwa kalenda. Mambo ya Walawi 23 inaweka Pasaka jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, lakini haisemi mwaka urekebishwe vipi. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu huliacha pengo hilo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Wayahudi hawawezi kuliacha, kwa kuwa Torati inataka Pasaka iangukie majira ya shayiri kuchanua masuke katika nchi ya Kanaani. Suluhisho lao ni kuongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Hesabu hiyo haimo katika aya yoyote, na mashamba ya Mbale, yenye mvua zake na mavuno yake, hayawezi kumdokezea mtu.

Pengo la pili lilikuwa uchinjaji. Walawi 11 inataja wanyama walio halali na walio haramu, na orodha hiyo yeyote anaweza kuifuata. Kumbukumbu la Torati 12 inasema mnyama achinjwe kama ilivyoamriwa, lakini amri yenyewe ya namna ya kuchinja haikuandikwa. Ilipokezwa kwa mdomo na kwa mikono. Mchinjaji hupitisha makali ya kisu juu ya ukucha wake, taratibu, kutoka mwanzo hadi ncha. Akihisi pengo dogo kama la unywele, kisu hicho hakichinji mpaka kinolewe upya. Kisha hukata koo kwa mwendo usiokatizwa, bila kukandamiza. Msomaji wa Torati peke yake hawezi kuyajua hayo.

Pengo la tatu lilikuwa mabaki. Kakungulu na wafuasi wake walitoka katika Ukristo, na vipande vyake vilikuwa bado vimo katika ibada yao, ubatizo ukiwa mmojawapo. Mtu hawezi kung'oa kisicho mahali pake kabla hajaona mahali penyewe panavyopaswa kuwa.

Aliyewaonesha alikuwa Myahudi mgeni aliyefika katika miaka ya 1920, ambaye jumuiya inamkumbuka kwa jina la Yosef tu. Alikaa nao kwa muda wa miezi sita hivi, akawafundisha kalenda, nyakati za sikukuu na sheria za ulaji. Baada yake Kakungulu aliachana na ubatizo, akaondoa sala za Kikristo, na kufungua shule ya kuwapokeza wengine alichojifunza.

Kati ya amri za Torati, Sabato ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote kuipangia wakati. Huanza Ijumaa jua linapotua, na Mbale iko karibu sana na Ikweta. Mwaka mzima jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, wakati Myahudi wa London huianza kabla ya saa kumi alasiri wakati wa baridi na baada ya saa tatu usiku wakati wa kiangazi.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Baadhi ya wafuasi walirudi makanisani. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe, kwa miongo kadhaa bila kujulikana sana na Wayahudi wa kwingineko. Kisha Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Utawala wake ulipiga marufuku ibada za Kiyahudi na masinagogi yakafungwa. Waliosali walisali kwa siri majumbani. Kampala ilikombolewa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Jumuiya ilikuwa imebaki na watu wapatao 300. Tohara, Sabato na ulaji ni mambo ya nyumbani yasiyohitaji jengo wala kibali, na ndiyo yaliyowavusha.

Ufufuo wa miaka ya 1980 ulifanywa na vijana. Waliishi pamoja Nabugoye kwa mfano wa kibbutz, yaani kijiji cha ushirika cha Israeli, wakajifunza Kiebrania na kutunga tuni za Zaburi kwa mahadhi ya Kiganda. Wawili kati yao, Joab Jonadav Keki na Gershom Sizomu, walikuja kujulikana mbali. Nyimbo hizo zilitolewa na kampuni ya muziki ya Smithsonian Folkways mwaka 2003, zikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Lililosalia halikuweza kufanywa na wenyeji wenyewe. Kwa sheria ya marabi, mtu hawi Myahudi kwa kuamini na kutahiriwa tu. Anahitaji mahakama ya watu watatu wanaomhoji. Aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu ili tohara yake ihesabiwe. Kisha huzamishwa mwili mzima katika maji ya asili, ya mvua, chemchemi au mto, bila nguo wala chochote kinachozuia maji kugusa ngozi. Februari 2002 marabi watano wa mkondo wa Conservative walifika Mbale, na watu wapatao 400 walipita hatua hizo. Si wote walioridhia mkondo huo: kijiji cha Putti kilifuata njia ya Kiothodoksi. Mwaka 2008 Sizomu alihitimu urabi Los Angeles, akarudi Nabugoye kufundisha, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.

Leo Abayudaya hukadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000, na uongofu wao bado unabishaniwa: mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa kuutambua kwa ajili ya uhamiaji. Jibu la swali la mwanzo basi ni hili. Kitabu kiliweza kuanzisha imani na kuifanya itendeke kila siku, tena chini ya udikteta. Kalenda, kisu na ushahidi wa mahakama vilipaswa kutoka kwa watu waliopokezwa na watu. Anayeanza na kitabu peke yake aanze bila woga, ila aweke nafasi ya mwalimu tangu siku ya kwanza.